Kanga za Mtungi wa Nne

Kanga ikishafika Kituoni, harusi imeiva. Ndivyo Kondoa ilivyozoea. Ukumbi unaweza kuuahirisha, mpishi unaweza kumrudisha na masufuria yake, lakini kanga ya ziwa, ile ya kumshukuru aliyemnyonyesha bwana au bibi harusi, ikishatundikwa kwenye mtungi hakuna tena kurudi nyuma.

Jumatano ile, saa nne asubuhi, walikuja wanne: shangazi zake Mbaraka watatu na mjomba mmoja wa kubebeshwa mizigo. Wakavua viatu mlangoni, wakajipaka dawa ya kuua vijidudu mikononi, wakavaa yale makoti meupe ya wageni yanayobana mabega, wakaingia chumba cha mitungi ya maziwa wakinong'ona kama wameingia msikitini. Mitungi kumi na miwili ya chuma ilikuwa imejipanga ukutani, kila mmoja mrefu kuliko mtu, una joto la mwili, unanguruma kwa mbali kama paka aliyeshiba. Kila mmoja na namba yake. Juu ya paa nyuki wa chuma walikuwa wanaruka na kutua, wamebeba pakiti za maziwa kwenda Pahi, Haubi, Mnenia, kote kwenye mtoto mchanga.

Daktari Zamoyoni Mossi aliwapokea mwenyewe. Siku hiyo hakuwa mkubwa wa Kituo tu, alikuwa mama wa bibi harusi. Ijumaa baada ya sala binti yake Shani alikuwa anaolewa na huyo Mbaraka.

Shangazi mkubwa, Mwasiti, mama mmoja mnene mwenye mdomo usiolala, aliusogelea mtungi wa nne akaupigapiga kama anampigapiga mtu bega.

"Shikamoo mama wa ziwa," akasema. "Kanga yako hii hapa. Mtoto umemnyonyesha vizuri, tumemwona, kanona."

Wenzake wakacheka. Mjomba akauliza mtungi unaitikia marahaba kwa lugha gani. Akaambiwa anyamaze, yeye alinyonya mbuzi ndiyo maana ndevu zilimwahi.

Kanga yenyewe ilikuwa doti mpya, nyekundu na nyeusi, bado inanukia dukani. Ilikuwa imeandikwa: ULINILISHA NIKIWA SIJUI KUOMBA.

Aliyeipokea alikuwa Sikitu. Kila kanga iliyoingia mle ilipita mikononi mwake. Sikitu alikuwa anafanya usafi Kituoni toka mitungi ikiwa miwili. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwembamba, mkimya, anatembea kama hataki kuvisumbua vigae. Kanga inakaa mtungini siku saba. Ya nane anaishusha, anaifua kutoa ule ukakamavu wa dukani, anaikunja, anaipeleka stoo. Mle stoo kanga zilikuwa zimeshafika mia sita na kitu. Mtungi hauvai kanga, na kuzigawa watu walisema ni mkosi, kwa hiyo zilikaa tu, zimekunjwa vizuri, zinanukia sabuni.

Mwasiti alimtazama akifunga pindo la kanga kwenye mkono wa mtungi, akamtania kwamba yeye anakunja kanga za harusi za mji mzima, sasa ya mwanae watakula pilau lini. Mwenzake akamfinya. Alikuwa amechelewa.

"Wangu hakukua, shangazi," Sikitu alisema. Hakugeuka. Akaivuta ile kanga ikae sawa.

Mwasiti akasema pole, alipitiwa, mdomo huu. Sikitu akasema haidhuru.

Zikabaki kadi. Mezani kulikuwa na Kadi za Ziwa mbili, ya Shani na ya Mbaraka, kila moja ndogo kama kiganja. Kondoa hakuna anayeoa bila kadi hizo kuwekwa pamoja. Walionyonya ziwa la mwanamke mmoja ni ndugu, hiyo ni sheria ya siku zote, na ndugu hawaoani. Zamani haikuwa shida, kila mtu alijua nani alinyonyeshwa na nani. Ukaja ule ugonjwa wa Mnyauko uliokausha watoto wachanga, wakahamishwa kutoka ziwa la huyu kwenda la yule, hesabu ikapotea. Ndiyo zikaja kadi. Na kwa watoto wa Kituo, pale penye mstari wa "mama wa ziwa" iliandikwa namba ya mtungi. Watoto wa mtungi mmoja ni ndugu. Wa mitungi tofauti, ruksa.

Shani: mtungi wa nne. Mbaraka: mtungi wa kumi na moja. Safi kabisa. Kilichobaki ni dole gumba la Daktari kwenye mashine ya kuidhinisha.

"Gusa hapo tu, mama mkwe," Mwasiti alisema, "tukaonje ubwabwa."

Zamoyoni akanyanyua mkono. Akaurudisha mfukoni mwa koti. Akasema mashine leo nzito, waende, warudi baada ya alasiri.

Mwasiti akamwangalia. "Mashine gani hiyo, mbona kwa watoto wa watu haijawahi kugoma?"

Alisema kwa utani. Wote wakacheka, wakaenda zao kuvaa viatu.

*

Ofisini kwake Zamoyoni alifunga mlango akakaa. Kadi mbili mbele yake. Mashine ilikuwa nzima, inawaka kijani.

Harusi mia tatu na kumi na moja. Zote hizo aliweka dole bila kusita.

Mnyauko ulipoingia, miaka ishirini na miwili nyuma, yeye alikuwa daktari wa miaka thelathini na moja, ametoka masomoni na kiburi chake chote. Watoto wachanga walikuwa wanakauka. Asubuhi mtoto mzima, jioni utosi umedidimia, kesho yake sanda. Waliokuwa wananyonya walikufa sawa na wasionyonya. Zamoyoni akapima maziwa ya akina mama ishirini, akaona vijidudu vya Mnyauko vimejaa mle. Akasema basi, mdudu anapita kwenye ziwa. Akaandika amri kwa mkono wake: katika hema za wagonjwa ni marufuku mama kunyonyesha. Watoto wapewe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

Ilimchukua wiki tatu kujua kwamba amekosea.

Wale wadudu kwenye maziwa hawakuwa wanakwenda kwa mtoto. Walikuwa wametoka kwa mtoto, wameingia ziwani mtoto akinyonya, na kwa mwanamke mmoja tu kati ya wote waliopimwa walikuwa wamefungwa. Protini ya maziwa si kitu kitupu. Imening'iniza nyuzi za sukari pembeni, kama matamvua ya shuka. Na ukuta wa utumbo wa mtoto nao una matamvua hayohayo, ndipo mdudu anaposhika. Kwa mwanamke huyu matamvua ya maziwa yake yalikuwa na tawi la ziada, tawi moja dogo ambalo wenzake hawakuwa nalo. Mdudu akiliona hilo anaacha ukuta, analing'ang'ania, hawezi tena kuachia, na anatoka nalo kwenye nepi. Basi. Siri yote ya Mnyauko ilikuwa hapo.

Mwanamke huyo alikuwa Sikitu. Msichana wa miaka kumi na tisa, mtoto wake wa kwanza amezikwa siku mbili zilizopita. Bibi zake walikuwa wamemkaza kanga kifuani ili maziwa yakauke, naye akaja mwenyewe mpaka hemani akaifungua mbele ya Zamoyoni, akasema kama haya maziwa yana kazi yachukueni, yananiuma.

Kwenye maziwa kuna chembe hai za ziwa lenyewe. Zamoyoni alizichukua kwa wanawake mia tatu, akazipanda kwenye mitungi zikue na kutoa maziwa bila mwili. Mitungi ilikuwa miwili tu, na moyoni alitaka zote ziishi ili asimtegemee mtu mmoja. Wiki ya tano chembe za wanawake mia mbili tisini na tisa zikafa. Zikabaki za mmoja.

Kesho yake alikuwa na kikao na mashehe. Shehe Isumaili, mzee asiyependa maneno mengi, alimuuliza swali moja tu: maziwa haya ni ya nani? Kama ni ya mwanamke mmoja, mwanangu, useme sasa, maana mji mzima watakuwa ndugu, watoto wetu tutawaoza wapi?

Nje ya kile kikao watu walikuwa wanachimba makaburi mafupi.

Akajibu ni ya wanawake mia tatu, yamechanganywa, kila mtungi na mchanganyiko wake. Shehe akashusha pumzi. Akasema basi kila mtungi tuuhesabu kama mama. Ndiyo hiyo ikawa sheria. Baadaye, mitungi ilipofika minne na akina mama bado wanaogopa, Zamoyoni akasimama uwanjani akamnywesha binti yake mwenyewe, Shani, ana siku kumi, kutoka mtungi wa nne. Watu wakasema kama wa daktari kanywa, wetu atakufa na nini? Wakapanga foleni.

Kabla ya mwaka kwisha mitungi ikaongezeka mpaka kumi na miwili. Chembe zilezile, zimegawanywa kama chachu ya mkate.

Usidhani alikosa usingizi. Alikuwa analala vizuri tu. Alijiambia mtungi hauna titi, haukumbatii, haubembelezi, kwa hiyo si mama. Akaweka dole mara mia tatu na kumi na moja, akala pilau za watu. Mpaka kadi iliyokuja ikawa ya mwanae.

*

Shani aliingia mchana, kausukuma mlango kwa kiwiko. Mikono yote ilikuwa na hina mbichi mpaka juu ya vifundo, ameiinua mbele kama mtu anayeogopa kuchafua ukuta. Alikuwa fundi wa nyuki wa chuma pale Kituoni. Mikono ile kawaida ilikuwa na grisi. Zamoyoni alimwona akiicheka mwenyewe mikono ile, akaumia.

Shani akauliza mbona shangazi Mwasiti kampigia simu, eti mashine imegoma. Akainama kuitazama. Taa ya kijani.

"Haijagoma," alisema.

"Haijagoma."

"Sasa?"

Zamoyoni alikuwa ameandaa maneno mengi. Yakakimbia. Akamwambia tu, moja kwa moja, kama mtu anayetapika: mitungi yote ni ya mwanamke mmoja. Alimweleza chembe zilivyokufa, kikao, namba. Alieleza kwa dakika labda tano. Hina ilikuwa inakauka na kudondoka vipande vidogo sakafuni.

"Kwa hiyo Mbaraka ni kaka yangu."

"Kwa ziwa, ndiyo."

"Nilikuwa najiuliza kwa nini anapenda ukoko kama mimi," Shani alisema. Akajaribu kucheka, uso ukakataa. Akakaa sakafuni mgongo ukutani, mikono bado ameinyoosha.

Zamoyoni akataka kumshika bega. Shani akamwambia asimguse.

"Zuhura ulimsainia," alisema. "Mwaka jana. Ulikaa meza ya mbele, ulimtunza. Yeye mtungi wa pili, mumewe wa tisa. Wana mtoto sasa, mama. Yule mtoto nilimbeba juzi."

"Nilijiambia mtungi si mama."

"Na leo?"

"Leo wewe ni mwanangu."

"Zuhura yeye wa nani?"

Nyuki mmoja alitua juu ya paa, akapiga mlio wake, akaondoka.

Shani akasema basi saini. Alisema polepole, amemtazama usoni. Kama kwa wengine haikuwa kitu, kwangu pia isiwe kitu. Mimi na wewe tu ndio tunajua, Ijumaa nitavaa, nitacheza, nitazaa, nitakufa nayo. Saini.

Zamoyoni akanyanyua dole. Kweli alinyanyua. Lilifika juu ya kioo cha mashine, likasimama hapo upana wa punje ya mchele, na halikushuka.

"Unaona," Shani alisema. "Unajua kabisa. Siku zote ulikuwa unajua."

Zamoyoni akaanza kujitetea, maana binadamu hata akizama anatapatapa. Akasema kuna watoto saba Haubi wana Mnyauko wiki hii. Watu wakisikia walidanganywa watamwaga maziwa, watoto watakufa, nani atajibu? Shani akamuuliza kama hiyo ndiyo sababu ya kumdanganya Shehe Isumaili.

Shani alilia kidogo, bila sauti, akashindwa kujifuta kwa sababu ya hina; machozi yakaenda mpaka kidevuni. Mama yake akachukua upindo wa koti akamfuta. Safari hii hakumkataza.

"Mngeachana mkichukiana mngepona," Zamoyoni alisema.

"Hatujagombana hata siku moja. Nitamwambia nini? Sikuachi, ila usinishike?" Akavuta kamasi. "Ungeendelea tu kuwa mwongo. Umekuja kuwa mtu wa kweli siku yangu."

Baadaye akauliza ni nani huyo mwanamke. Yu hai? Zamoyoni akamtajia.

Shani akageuza kichwa kuelekea mlangoni, huko stoo, kana kwamba anaweza kuona kupitia ukuta.

"Sikitu? Huyu anayetupigia deki?"

"Ndiye."

"Anajua?"

"Anajua yake yalikuwamo kati ya mia tatu. Aliuliza mara moja, zamani. Nikamwambia yalichanganywa."

"Kanga zote zile anazofua." Shani alinyanyuka kwa shida, akiegemea ukuta kwa bega. "Mama, umeniambia mimi kwanza. Hata hapo umekosea mtu."

*

Stoo ya kanga ilikuwa na dirisha moja dogo la juu, na mwanga wa saa tisa uliangukia meza ambayo Sikitu alikuwa anakunjia. Rafu zilifika darini. Alikuwa anashughulika na doti ya harusi ya juma lililopita.

Zamoyoni alikuja na Daftari Kuu chini ya kwapa, lile la karatasi, la toka siku ya kwanza, ambamo kila mtoto aliyekunywa mtungini aliandikwa. Hata yeye hakujua kwa nini amelichukua. Labda alitaka kitu cha kushika.

"Shikamoo Daktari," Sikitu alisema. "Hongera ya Ijumaa."

"Marahaba. Sikitu, kaa."

"Nikikaa mkunjo unapotea. Sema tu, nasikia."

Akasema. Safari hii ilikuwa fupi zaidi. Zile chembe za wengine zilikufa zote, za kwako ndizo zilizobaki. Mitungi yote kumi na miwili ni wewe. Watoto wote ni wa ziwa lako.

Mikono ya Sikitu ilisimama katikati ya mkunjo. Akaangalia rafu. Akazifuata kwa macho kutoka chini mpaka juu, taratibu, halafu upande wa pili.

"Hizi zangu?"

"Zako zote."

Zamoyoni alisubiri alie au acheke, vyote viwili angevielewa. Lakini Sikitu alikuwa anafikiri. Alikuwa na uso wa mtu anayefuata uzi, ameushika mwisho mmoja, anauvuta aone umefungwa wapi. Zamoyoni alijua umefungwa wapi. Ndiyo sababu, kweli ya kweli, miaka ishirini na miwili hakusema. Si Shehe, si harusi. Ilikuwa hii.

"Kwa hiyo dawa ilikuwa kwangu," Sikitu alisema.

"Ndiyo."

"Uliitia wewe, au ilikuwemo?"

"Ilikuwemo."

"Toka lini?"

"Ulizaliwa nayo."

"Hata Rajabu wangu alipokuwa analia?"

Zamoyoni alitamani mitungi ile chumba cha pili ingurume kwa nguvu zaidi. "Ilikuwemo," alisema.

Sikitu akamaliza mkunjo ule. Akausawazisha kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Akaweka kanga rafuni juu ya nyingine.

"Siku tatu," alisema. "Uliniambia nikimpa ziwa namuua. Ulikuwa umevaa miwani. Wakanitoa hemani kwa sababu nilikuwa namsogelea. Nikakaa nyuma ya turubai, upande wa pili, namsikia. Kila akilia maziwa yanashuka yenyewe, yanapita tumboni, mpaka miguuni. Mchanga ulikuwa umelowa pale nilipokaa. Mtoto ana kiu hatua moja kutoka kwangu, na mchanga unakunywa."

"Nilidhani..."

"Najua ulidhani." Hakupandisha sauti. "Alikuwa na hamu, yule. Hata siku tuliyomleta, anaumwa kidogo tu, alikuwa ananyonya mpaka ananiuma, baba yake akawa anamwita Fisi. Angepona?"

Hapo Zamoyoni angeweza kusema hatujui. Wanasayansi wanalo neno hilo, ni kama mlango wa nyuma. Aliliona, akaliacha.

"Angepona."

Sikitu akatikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa mzigo akautambua ni wake. Akakaa sasa, kwenye ngazi ndogo ya kupandia rafu. Akajishika kifua kwa mikono miwili, hakuwa anajua kama anafanya hivyo.

Zamoyoni akapiga magoti kwenye vigae ambavyo mwenzake alikuwa amevisugua asubuhi. Akamwomba msamaha. Sikitu hakusema amesamehe, hakusema hajasamehe. Zamoyoni akamwambia kuhusu Shani na Mbaraka, kuhusu wale mia tatu na kumi na moja, kuhusu Haubi. Niambie nifanye nini, akasema. Ni watoto wako. Ukisema tunyamaze nitanyamaza, ukisema tuseme nitasema.

"Unaniuliza mimi?" Sikitu alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nafagia. Ulipoandika amri yako hukuniuliza. Ulipoandika mitungi hukuniuliza. Leo imekuwa nzito ndiyo unaniletea nikushikie? Mzigo huo beba mwenyewe, Daktari."

Nje kulisikika viatu vikivuliwa. Alasiri ilikuwa imepita. Sauti ya Mwasiti ilikuja koridoni, inauliza mashine imepona, na mbona bibi harusi macho mekundu, au ndiyo kashaanza kuogopa.

Sikitu aliangalia daftari. "Hicho ndicho kitabu chao?"

"Ndicho."

"Wako wangapi?"

"Elfu kumi na tisa, mia nne na kumi na mbili."

"Siyo," Sikitu alisema. "Ongeza mmoja. Na uanze na yeye."

Zamoyoni akafungua ukurasa wa kwanza. Mstari wa kwanza ulikuwa na mtoto tayari, wa mtungi wa kwanza. Juu yake palikuwa na nafasi nyembamba ya ukingo, basi. Akaandika hapo, kwa herufi ndogo, Sikitu akimtajia kila neno, na yeye anaandika akiwa bado amepiga magoti, daftari juu ya paja.

Rajabu Issa. Mama wa ziwa: Sikitu binti Hamisi. Alinyonya siku ishirini na sita.

"Kuna pa kuandika kwa nini aliacha?"

"Nafasi ipo."

"Andika alikatazwa."

Akaandika.

"Na nani?"

Kalamu ilisimama kwenye karatasi mpaka wino ukatengeneza doa. Kisha akaandika jina lake, lote, na la baba yake.

"Sasa hao wengine," Sikitu alisema. "Futa namba, weka mimi."

Zamoyoni akapiga mstari juu ya "Mtungi wa 1", akaandika Sikitu. Mstari wa pili vilevile. Wa tatu. Mkono haukusimama tena. Alipofika mwisho wa ukurasa Sikitu alimwambia inatosha kwa leo.

Mwanamke yule alinyanyuka. Akachagua rafuni, hakuchagua sana, akachukua ya juu kabisa. Akaikunja kwa urefu iwe mkanda, akaizungusha kifuani juu ya sare yake ya kazi, akaikaza, akakaza tena, kwa meno na mkono mmoja, kama bibi zake walivyomkaza siku ile. Akafunga fundo.

Kisha akaenda akafungua mlango wote.

Koridoni walikuwa wamesimama: Mwasiti mbele, wenzake wawili, mjomba, na Shani pembeni na mikono yake myekundu. Nyuma yao Mbaraka mwenyewe alikuwa amefika sasa hivi kutoka kazini, anatabasamu, anatafuta wa kumwambia kuna nini. Shani alimtazama mara moja. Akasogea hatua, si kumwendea, akaacha nafasi katikati yao ya kupita mtu.

"Soma," Sikitu alimwambia Zamoyoni. "Wa kwanza kwanza. Na upaze sauti, wa nyuma wasikie."

Daktari Zamoyoni Mossi alinyanyuka kutoka vigaeni na daftari lake. Akavua miwani akaifuta, akaivaa. Akaanza na Rajabu.